Kanga ya Bibi Juu ya Kioo

Jumatatu, 7 Desemba 1998

Nimebangua korosho tangu asubuhi. Vidole vimeungua na mafuta ya maganda, vyeusi kama vya fundi baiskeli. Haidhuru. Jumamosi vidole havitaonekana.

Ningeishia hapo. Lakini daftari hili nani atalisoma? Mwandiko wangu ulimshinda hata mwalimu wa darasa la sita, ndiyo maana nikaacha shule, nisimsumbue mzee wa watu.

Basi. Jumamosi mdogo wangu Selemani na wenzake wanatoka jando. Lipiko litakuja uwanjani kuwapokea. Lipiko ni mtu aliyekufa: anatoka kaburini, anacheza, anawatimua wanawake, anarudi alikotoka. Hivyo ndivyo wanavyojua wanawake wote, tangu kule Msumbiji walikozaliwa bibi zetu. Sisi tuliopita jando tunajua kingine. Ni kinyago cha mti, kinavaliwa kichwani kama kofia, na chini yake yuko mtu.

Mwaka huu mtu huyo ni mimi.

Kanichagua Mjomba mwenyewe, bwana wa ngoma wa kijiji hiki. Kamwacha Bakari. Bakari akicheza utadhani kuku kakanyaga kaa la moto.

Jumanne, 8 Desemba

Mazoezi, nyuma ya mikorosho. Kinyago kizito, kinakwangua shingo. Unachungulia kwenye tundu la mdomo, unaona kipande cha dunia kama kitambaa. Mguu wa kushoto unachelewa pale ngoma inapokata. Kidogo tu. Hakuna atakayeona, watakuwa wanakimbia.

Baba katangaza safari ya Mtwara kesho. Kumnunulia Selemani nguo za kutokea jando. Halafu, kwa kuwa ni Sikukuu ya Uhuru, jumba la makumbusho linaingiza watu bure. Baba akisikia neno bure anavaa viatu. Mama kakubali kwa sababu hajalala vizuri tangu mtoto aende porini. Bibi kakubali kwa sababu ni Bibi. Asha, dada yangu wa darasa la sita, anasoma kila kitu kwa sauti, hata mfuko wa saruji. Huyo nadhani atatuumiza masikio.

Mimi nitakwenda kuwaonyesha mji. Nimeshafika mjini mara nyingi. Mara mbili.

Jumatano, 9 Desemba

Siku mbaya. Lakini sijutii, na naandika tena: sijutii.

Tulitoka hapa Kilambo alfajiri juu ya lori la magunia ya korosho. Nguo zikapatikana mapema, suruali na shati jeupe. Kufika makumbusho jua lilikuwa kichwani. Bati juu, madirisha hayafunguki, feni moja imekufa. Baba kavaa koti. Jasho lilimtoka mpaka kwenye kola, koti hakuvua.

Mwanzoni raha. Mama akakuta kinu na mchi vimefungiwa kwenye kabati la kioo. Akacheka mpaka akashika ukuta. "Jamani, kinu changu kina kosa gani wakifunge?" Asha anasoma vibao vyote, neno kwa neno, kama muadhini.

Watu wengi hawakuangalia makabati. Walimwangalia Bibi. Kwa sababu ya nembo alizochanjwa usoni, na ndonya, kile kigingi cha mti, kwenye mdomo wa juu. Jamaa mmoja mwenye kamera akamsogelea, akamzunguka kama anayenunua mbuzi. Nikamwambia, "Kaka, huyu hayumo kwenye maonyesho. Huyu katuleta." Bibi akasema, "Mwambie arudi nikishakufa nikakauka." Jamaa akaondoka na kamera yake. Tulicheka sana. Nilikuwa na nguvu za simba.

Ndipo nikaona kabati la mwisho, pembeni.

Lipiko. Limekaa juu ya msumari. Nembo usoni, nywele za mtu zimebandikwa, mdomo wazi. Tundu la kuchungulia liko wazi kabisa, mtoto mchanga angeelewa. Mchana kweupe! Na chini yake kibao kirefu. Na Asha yuko kabati moja nyuma, anakuja anasoma.

Sikufikiri. Ukifikiri umechelewa. Nilivuta kanga ya zambarau begani kwa Bibi, nikaitupa juu ya kioo, nikasimama mbele yake mikono nimeitanua. Nikapiga kelele: "Hapa hakuna kitu! Kabati bovu! Rudini!"

Jumba zima likageuka.

Mlinzi wa makumbusho akaja mbio. Mtu mwembamba, funguo nyingi.

"Kijana, toa hiyo nguo."

"Sitoi."

"Hii ni mali ya umma!"

"Umma ndio mimi. Nimeifunika."

"Una wazimu? Huo ni mti tu, mti wa..."

Hapo nikaanza kuimba. Wimbo wa kupalilia mihogo, kwa sauti yangu yote, asisikike. Akisema, naimba. Akinyamaza, nanyamaza. Watoto wakaanza kupiga makofi. Mwisho akaitwa askari wa mlangoni, akanishika mkanda wa suruali, nikatolewa nje kama gunia. Nikiwa hewani bado naimba.

Familia nzima ikafuata. Baba kavua koti.

Kanga ilibaki juu ya kioo. Mama alitaka kuirudia. Bibi akamwambia, "Iache huko huko."

Alhamisi, 10 Desemba

Habari zimefika kabla sijanawa uso. Nadhani dereva wa lori. Mjomba kaniita kwenye kibanda cha wanaume.

Nilidhani nitasifiwa. Kweli. Nilishaandaa na uso wa kusifiwa.

Mjomba kasema mimi ni mpumbavu wa daraja la kwanza. Wanawake wangepita pale wamechoka na joto, wangeona mti mmoja kati ya miti. Mimi ndiye niliyesimama na kuwapigia mbiu. "Fisi akifunika shimo, kila mtu anajua kuna mzoga." Sasa kijiji kizima wanawake wanaulizana nini kilifunikwa. Lipiko limevuliwa nguo, na aliyelivua ni mchezaji wake.

Jumamosi atacheza Bakari.

Nikamwambia Mjomba, ningepita kimya angesema nimewaacha mama zangu waone. Nimesimama, anasema nimesimama. Basi anionyeshe pa kuweka miguu. Akaniambia niombe radhi mbele ya wazee. Nikakataa. Nikikosea naomba radhi. Sikukosea. Nilikuwa peke yangu, dhidi ya jumba zima, na silaha yangu ilikuwa kanga.

Bakari kapita nyumbani jioni eti kuazima jembe. Anatabasamu. Nimempa lililovunjika mpini.

Nina hasira. Nikilia nitaandika ni moshi wa maganda ya korosho.

Ni moshi.

Ijumaa, 11 Desemba

Leo nimeona kitu.

Asubuhi Bibi kaenda kwa Mjomba. Mjomba ni mwanawe wa kumzaa, hilo watu husahau akivaa kofia yake ya ubwana wa ngoma. Kaenda na Mama na Asha. Mimi nilikuwa nyuma ya ua, napanga kuni. Sawa, nachungulia.

Bibi hakukaa. Akasema, "Mwanangu, nasikia mjukuu wangu ana kesi. Nimeleta mashahidi. Sisi tulikwenda mjini, tukaona kinu, tukaona mkuki, tukaona kanga. Kanga yangu ya zambarau. Mama Selemani, wewe uliona nini?"

Mama akasema, "Kanga."

"Asha?"

Asha akakaa kimya. Msomaji wa mifuko ya saruji! Anajua, najua anajua, macho yake ni ya darasa la sita. Akatazama chini akasema, "Kanga, Bibi."

"Basi," Bibi akasema. "Kama kuna mwanamume anayejua kulikuwa na kitu chini ya kanga, atuambie sisi wanawake hapa. Kitu gani?"

Mjomba akatafuta ugoro mfukoni, akaukosa, na kibweta kilikuwa mkononi mwake. Akisema, kavunja siri yeye. Akiniadhibu, naadhibiwa kwa kosa gani? Kwa kuharibu kanga?

"Hakuna kitu, Mama," akasema.

"Ndivyo nilivyoona na mimi."

Jioni Bakari karudisha jembe. Hakutabasamu.

Jumamosi, 12 Desemba

Leo nilikuwa shamba. Kutwa nzima. Shamba, nimesema.

Jumapili, 13 Desemba

Kimya. Selemani amelala na shati jeupe, kakataa kulivua. Mama kamkalia karibu, anamfukuzia nzi ambao hawapo.

Bibi kaniita barazani. Begani hana kanga. Akanisogezea sahani ya ugali na pweza, kipande kikubwa kuliko cha Baba.

Akasema, "Jana umekosa. Alikuja mmoja kutoka kaburini."

Nikasema, "Nilikuwa shamba, Bibi."

"Najua. Alicheza huyo! Nilikimbia mpaka magoti yakalia. Zamani babu yako naye alikuwa hapati kuona, siku kama hizo alikuwa shamba." Akanimiminia maji. "Ila wa jana mguu wa kushoto unamchelewa."

Nilikula.

Nilipomaliza akanipa kichupa cha mafuta ya nazi. "Jipake hapo shingoni. Shamba lenu lina miba."

Nikajipaka.