Virusi Vilivyosafiri

Kwako dada yangu mpendwa,

Natumai barua hii itakukuta mzima, na safari hii siulizi kwa mazoea. Ule uchovu uliokulaza likizo nzima umeisha? Chakula kinapita? Sisi tunapumua, ila hofu imejaa nyumba. Nakuandikia, kisha nitakutumia picha ya barua kwenye simu, kwa sababu nikikupigia ulimi hunikwama, unanijua.

Tangu shule ifunguliwe, homa ya ini imetuingilia. Macho ya wenzangu yamegeuka manjano, na jirani yangu wa dawati yuko wodini, hamtambui hata mama yake. Lawama zote zimemwangukia mpishi. Wanafunzi wanamwita Bwana Sumu, wazazi wanataka afukuzwe, na kikao cha kuamua ni kesho asubuhi. Nilimkuta nyuma ya jiko akisugua sufuria ambayo tayari ilikuwa safi. Akaniambia, bila kuinua uso, kwamba siku hizi hata mkewe akipokea kitu mkononi mwake anakwenda kunawa.

Sampuli za wagonjwa zilipelekwa maabara anakofanya kazi Mama. Huko wanasoma chembe za urithi za virusi, herufi kwa herufi, kisha wanatazama vinaangukia ukoo gani. Mama alituambia mezani kwamba virusi vya wagonjwa wote ni kama mapacha, maana yake chanzo ni kimoja. Ila si vya ukoo unaozunguka hapa kwetu. Ndugu wa karibu wa virusi hivyo wako huko ng'ambo unakofanya kazi wewe. Mpishi hajawahi hata kuvuka mpaka. Baba akakutaja, kwa mzaha tu. Mama akacheka: "Huyo alichanjwa kabla hajaondoka, nilimtuma mwenyewe." Mimi nikainamia sahani.

Dada, ni mimi uliyeninong'oneza kwamba sindano uliikimbia mlangoni. Na juisi ya darasa letu siku ya kufunga muhula uliikamua wewe, kwa mikono yako, ukisema kichefuchefu ni cha safari. Namwogopa Mama. Naogopa jirani yangu asiamke. Zaidi nakuogopea wewe. Jitazame macho kwenye mwanga wa mchana, kisha uende hospitali.

Nasikia Mama anavua viatu mlangoni. Namwambia sasa hivi, kabla ya kikao. Akikupigia, pokea, na usimfiche kitu.

Nisalimie shemeji, naye akapimwe.

Ni mimi mdogo wako, yule unayemwita Kobe. Leo nimetoa kichwa.