Gonga Kabla ya Kukanyaga

Isiolo,
Mwezi wa tatu, 1967

Kwako mjukuu wangu Tadicha,

Salaam aleikum. Nakutumia amani, na nyingine juu ya hiyo, kwa sababu huku imekuwa haba na afadhali ya kwangu niitume mahali itakapokaa. U mzima? Kifua kimepona? Hiyo baridi unayoiandika imekuachia masikio? Mimi ni mzima. Magoti yanalia lakini mdomo uko sawa, kama utakavyoona. Dada yako Sahra ni mzima sasa, amekuwa mrefu mpaka nguo zinamkimbia. Mzee Dahir wa duka anakusalimu. Akuam naye anakusalimu, ingawa humjui. Nitakuambia ni nani.

Barua yako ilifika kwa Dahir ikiwa imefunguliwa na kufungwa tena vibaya, kama mtoto aliyejivisha nguo. Nimeisoma mwenyewe. Babu yako marehemu Yattani aliponifundisha herufi kule kwenye laini za polisi, wenzake walimcheka kwamba anafundisha mbuzi kusali. Leo mbuzi anasoma barua za Kanada. Hii ninayokuandikia haipiti posta ya hapa. Kithinji, yule Mmeru wa miraa, ataificha chini ya magunia aitie posta huko Meru. Kwa hivyo leo nitasema yote. Lakini nitaanza na ugomvi, maana nimekaa nao rohoni tangu barua yako ifike.

Tadicha! Sisi tulikutuma huko kusomea udaktari wa ng'ombe. Wazee waliuza madume, wakakufungia sanduku, wakakuombea dua. Na wewe unaniandikia kurasa nzima juu ya samaki! Kwamba Jumamosi unakwenda kukaa juu ya ziwa lililogeuka jiwe, umekalia ndoo iliyopinduliwa, umeshika kijiti kifupi kama mwiko wa ugali, unangoja. Mchana kutwa. Mtu mzima. Mjukuu wa Yattani.

Unamsifu sana huyo mzee mwenye nyumba unayokaa. Unasema alikupa viatu vya mpira na makoti mawili, akakupa na nondo, akakuambia gonga kabla ya kukanyaga, kila hatua. Kwamba barafu nyeusi inabeba mtu na nyeupe inadanganya, na pale mto unapoingilia ziwani usisogee kabisa. Hapo sina neno. Huyo mzee ana akili. Hata kwetu, mtu hapiti mchanga wa lagga, ule mto mkavu, baada ya mvua bila kuuliza kwanza kwa fimbo.

Lakini baadaye akakuachia chuma utoboe shimo lako, yeye akaenda kutoboa lake. Na wewe ukafanya nini? Ukachimba kisima! Shimo la kunyweshea ng'ombe, lenye mteremko, na pembeni ukachonga mahali pa kusimama mtu wa kupokezana ndoo. Nilicheka mpaka Sahra akadhani ninalia. Mtoto wa watu wa visima ukimpa chuma na ardhi ngumu atachimba kisima, hiyo ni damu, sikulaumu. Ila ukingo ukakatika ukazama mpaka mapajani, na mzee wa watu akakuvuta kwa kamba huku akikuuliza kama ulitaka kuvua farasi. Kumbe shimo lenyewe ni upana wa shibiri moja! Na kazi yote ni kuchota vipande vya barafu kwa upawa lisije likajifunga, kuteremsha uzi mpaka uguse chini, kuunyanyua kidogo, na kunyamaza. Kunyamaza wewe? Ningelipa kuona.

Ukampata mmoja, mdogo kama kiganja. Ukamla. Umeandika hivyo bila haya, kwa wino wa buluu.

Umesahau samaki ni nini kwetu? Mlipokuwa watoto mkigombana malishoni, tusi la kumaliza ugomvi lilikuwa kumwambia mwenzako kwao wanakula samaki. Maana yake kwao ng'ombe wamekwisha. Mtu mwenye maziwa hatafuti nyama kwenye matope. Mimi ni bibi wa Yattani. Zizi letu likifunguliwa asubuhi, watu wa Kulamawe walikuwa wanasema vumbi la Yattani limeamka. Na mjukuu wa vumbi hilo amekalia ndoo!

Nilipofika hapo nikaikunja barua, nikatoka nje, nikatema mate. Halafu nikarudi kuisoma tena ile sehemu ya samaki. Nikaisoma tena kesho yake. Sasa nitakuambia kwa nini.

Mji si ule uliouacha. Sisi tuliokuwa nje na mifugo serikali ilitusogeza karibu, ikatuzungushia seng'enge. Mlango ni mmoja. Ukitoka unasema unakwenda wapi, ukirudi unasema ulikuwa wapi, hata kama debe la maji liko kichwani na maji yanakutiririkia machoni. Wazee wanauita wakati huu daba, kusimamishwa. Mborana aliyesimamishwa ni kama maji yaliyosimamishwa, wewe umesoma, unajua yanageuka nini. Kila anayepita na bunduki anasema anatafuta shifta, wale waasi wa porini. Mimi shifta sijamwona. Wajane nimewaona.

Umesoma salamu zangu huko juu hukuuliza mbona Baba yako mdogo Bule hayumo? Bule alitoka na ruhusa mkononi kwenda kumtafuta ngamia aliyepotea upande wa Kulamawe. Huko hakufika. Hapa hakurudi. Nimeuliza kila mlango ambao mama anaweza kuuliza, nikaambiwa niende nyumbani mzee, nikaambiwa mtoto wako amejiunga na wenzake. Bule! Aliyekuwa anaogopa hata jogoo! Ngamia mwenyewe alirudi peke yake, na kamba ya Bule bado shingoni.

Na umeniuliza habari ya Guracha. Umeuliza kwa furaha, kwamba ng'ombe wako wa kitovu, yule tuliyekutengea siku uliyozaliwa, uzao wake umefika wangapi sasa, na kwamba mwezi wa saba masomo yakisimama utakuja na dawa ya homa ya mapafu uwadunge wote kwa mkono wako mwenyewe.

Hakuna wa kudungwa, Tadicha.

Tulipofungiwa, ng'ombe walifungiwa nasi. Walimaliza nyasi za ndani. Wakala mikeka ya nyumba, wakala kamba, mwisho wakawa wanalambana. Waliosukumwa nje ya mpaka kutafuta majani, bunduki ziliwaona kabla hawajayaona majani. Guracha alikufa amesimama, ameegemea seng'enge, ndiyo maana tulichelewa kujua. Nilimpelekea maji nikamwita jina, nikamgombeza kwamba ana kiburi. Wa mwisho kabisa alikuwa ndama wake. Ngozi yake ndiyo ninayolalia. Vumbi la Yattani limetua, mjukuu wangu. Sasa nimelisema.

Bila maziwa, Sahra akaanza kuvimba miguu. Nywele zake zikageuka rangi ya mchanga. Unga wa msaada ulikuja, lakini unga mtupu ni kama maneno matupu, unajaza tumbo halafu tumbo linauliza tena. Asubuhi wanawake tunaruhusiwa kwenda mtoni kuchota maji, askari mmoja amekaa kivulini anatuhesabu. Huko ndiko nilikomkuta Akuam.

Akuam ni Mturkana, mwanamke wa umri wangu, meno yamebaki machache na yote anayatumia kucheka. Kibanda chake kiko ng'ambo ya mto, yeye hakufungiwa. Anavua kambare kwenye vidimbwi, chini ya mizizi. Nilikuwa nikimwona nageuza uso. Siku moja alimtazama Sahra miguuni, akamkata kambare wa kuchoma katikati, akaninyooshea nusu. Nikamwambia sisi hatuli hicho. Akaniuliza kwa Kiswahili chake kilichovunjika, sisi ni nani? Wewe, au huyu mtoto? Nikamtukana. Sikumaliza tusi, Sahra alikuwa ameshakula mpaka mfupa.

Kesho yake nikamwambia Akuam anifundishe, lakini asinitazame usoni wakati ananifundisha. Akacheka siku nzima. Ndoana yake ni kipande cha seng'enge hii hii inayotuzunguka, amekikunja kwa jiwe. Akaniambia niteremshe uzi mpaka uguse chini, niunyanyue kidogo, ninyamaze. Sasa umeelewa kwa nini nilikuwa narudia barua yako? Maneno yale yale! Mzee wako wa Kanada na mama wa Kiturkana, nani aliwakutanisha hao?

Nikampata. Mkubwa, mweusi, anateleza, ana masharubu kama karani. Akuam akataka kumpiga rungu kichwani. Nikamzuia. Nikamwambia mimi ni Mwislamu, kwangu hakiliwi kitu ambacho hakijachinjwa, na kwetu mwanamke hachinji, lazima nipate mwanamume. Akuam akakaa chini kabisa kwenye matope kwa kicheko. Nikamfunga kambare ndani ya shuka, mzima, anapiga mkia, nikabeba na debe la maji nikaondoka. Askari wa mlangoni akauliza ni nini kinacheza humo. Nikamwambia ni mjukuu. Akafungua akakutana na masharubu, akaruka nyuma, na kambare akaanguka chini.

Basi nilimkimbiza mbele ya watu wote, Tadicha. Mimi, bibi wa Yattani, nimepiga magoti kwenye vumbi namkumbatia samaki. Watoto wakanifuata wakishangilia mpaka dukani kwa Dahir. Nikampa kisu nikamwambia chinja, elekea kibla. Akamgeuza akamtafuta shingo, hakuna shingo. Akaniambia, Mama Tiya, huyu Mungu alishamhalalisha tangu alipomuumba, hata akifa mwenyewe mikononi mwako ni halali, hebu mpeleke nyumbani kabla hajaanza kunisomea khutba. Watu wakacheka. Sijasikia watu wakicheka hapa tangu seng'enge ifungwe. Wazee waliokuwa wamekaa ukutani hawakucheka, waligeuza nyuso. Nikajua jina langu limekwisha. Lakini jua halijashuka, wawili kati ya hao wazee walituma watoto kuniuliza kama kichwa kilibaki.

Sasa wanawake wengi wanakwenda kwa Akuam. Miguu ya Sahra imerudi. Nami nimekugombeza kurasa hizi zote juu ya samaki huku sufuria ya samaki iko motoni mbele yangu. Haya, cheka. Nimekuruhusu mara moja.

Ukimaliza kucheka, sikia neno moja ambalo ndilo nimelichukulia kalamu. Mwezi wa saba usije.

Najua utakasirika. Najua utasema nyumbani kumeungua na wewe unakalia ndoo. Lakini wewe ni kijana, ni Mborana, mrefu, umetoka nchi ya mbali na karatasi zenye mihuri. Nani hapa atakubali kwamba ulikwenda kusomea ng'ombe? Watauliza ng'ombe wako wapi. Watasema ulikwenda kufundishwa bunduki. Bule alikuwa na ruhusa, na ruhusa haikumrudisha. Ngamia amenirudia na kamba tupu. Sitaki sanduku lako linirudie namna hiyo.

Na masomo usiyaache. Najua hiyo itakujia kichwani, kwamba daktari wa nini. Nyamaza. Mvua itanyesha siku moja, mlango huu utafunguliwa, na mtu atakuja na mtamba mmoja mgonjwa amemfunga kamba. Siku hiyo nataka awepo wa kumdunga. Mimi nikiwa sipo, Sahra atakuonyesha palipokuwa na zizi.

Kwa hivyo nenda ziwani. Kaa kwenye hiyo ndoo. Usiende bila mzee wako, na ile misumari aliyokufundisha kuvaa shingoni, ya kujivutia ukizama, usiivue hata ukiona joto. Shimo liwe shibiri, si kisima, umesikia? Ukimpata, mle, umshukuru Mungu, usinifiche. Na pesa usinitumie, zitaishia njiani. Nitumie ndoana, ndogo ndogo, uzishone kwenye upindo wa kitambaa. Seng'enge inakata uzi. Halafu muulize huyo mzee anaondoaje utelezi wa kambare, maana Akuam anatumia majivu na mimi naona ni uchafu.

Sahra anasema umchoree hilo ziwa. Dahir anasema anakukumbuka ulivyokuwa ukiiba tende. Mke wa Bule nimemwambia naandika, akainua mkono, basi chukua huo mkono. Huyo mzee wako mpe salamu zangu, mwambie asante kwa kamba aliyokuvutia. Mwambie asante hiyo imetoka kwa mwanamke aliyekuwa na ng'ombe.

Yeye amekufundisha kugonga kabla ya kukanyaga. Nami nimekugongea huku nyumbani, kwa fimbo ya babu yako, kila mahali. Ardhi ya huku bado haibebi mtu. Kaa huko mpaka nikuite.

Ni mimi akko wako,
Tiya, bibi wa Yattani