Shairi la Kuku na Shairi la Punda

Tanga, Mfunguo Tano

Kwa baba yangu mpenzi, Madungu, Chake Chake.

Assalaam aleikum. Shikamoo, baba. Natumai barua hii itakukuta na afya, wewe na mama na wote waliomo nyumbani, na kwamba kifua chako kimekupa nafasi. Mimi mwili hauna neno. Kazi yangu ya ukarani hapa shamba la mkonge inakwenda, na Ijumaa naswali mjini. Lililonisibu haliko mwilini, na tangu alasiri nimekaa na kalamu nikitafuta mlango wa kuingilia. Sikuuona, basi napitia dirishani.

Nimepata barua ya mdogo wangu Mize. Ameniambia nisilolijua: kwamba Mja Dhaifu, aliyetoa shairi gazetini juu ya wanyama na Muumba wao, ni wewe. Anasema ulilificha jina makusudi, ukangoja nilisome huku niliko, nilisifu, ndipo uniambie. Anasema pia kwamba jibu la mtu wa Tanga ajiitaye Jambia lilisomwa kwa sauti barazani kwa fundi cherehani, watu wakacheka, na tangu hapo hutoki tena jioni, na umeapa hutatunga ubeti mwengine. Kisha akamaliza hivi: “Kaka, weye ulosoma, mjibu yule mtu. Mpige mashairi mpaka ajute. Mama naye kasema, baba hana mwengine wa kumtetea ila weye.”

Baba, Jambia ni mimi.

Naona haya hata kuyaandika maneno hayo. Desturi ya malumbano unaijua: shairi likitoka hungoja wa kulijibu, kila mtu kwa lakabu yake, na anayejibu hufuata vina vya mwenzake na kumchoma akiweza. Sisi makarani hapa husomeana magazeti kila Jumapili, na mimi nimejipatia jina la mtu wa ulimi mkali. Lilipofika shairi lako wenzangu wakauliza nani atalijibu, na kichwa kikanivimba.

Wewe uliandika:

Kuku anywapo tazama, kichwa juu huinuwa,
Humshukuru Karima, kwa tone alilopewa.

Ukawapitisha mbuzi, paka na kunguru, kila mmoja na shukrani yake, mpaka ukafika kwa binadamu, ambaye hula akafuta mdomo akaenda zake. Mimi nikachukua vina vyako, nikamsimamisha punda mbele ya Mola kama mshitaki kortini:

Punda leo anasema, Mola mbona naonewa,
Mgongo umenichoma, kidonda hakijapowa.

Nilisifiwa sana. Wenzangu walisema lako ni shairi la mtu aliyeshiba, langu ni la mtu anayeona. Sasa nimeyaweka yote mawili mezani nayasoma tena, na nitakuambia kweli. Swali la punda silifuti. Bado naona mnyama ana haki ya kuuliza. Lakini punda wangu anapiga kelele shairi zima, wala hangojei kujibiwa. Kuku wako anainua kichwa mara moja tu, na msomaji analiona lile tone likiteremka kooni. Langu linamtaja Mola kila ubeti na halisemi naye. Linasema na makarani wa Tanga, ili wapige makofi. Lako linasema Naye.

Hilo ni la ufundi, lingesameheka. Zito ni ubeti wa mwisho, niliposema Mja Dhaifu hajapata kugusa mgongo wa punda, kazi yake kuvuta tasbihi kivulini na kusifia mizigo ya wenziwe. Kidonda kile nilikitoa wapi, baba? Ni cha punda wetu wa kijivu, msimu ule niliomrundikia magunia ya karafuu kwa uvivu wa kurudi shamba mara ya pili. Wewe ndiye uliyemwosha kwa maji ya chumvi kila asubuhi, ukampaka mafuta ya nazi, na karafuu ukazibeba mwenyewe begani mpaka akapona. Hukunigombeza. Mimi nilimshika masikio tu, asitupe mateke. Nimeichukua kazi ya mikono yako nikaipatia sifa, kisha nikaitangazia pwani nzima kwamba mikono hiyo haijui kazi.

Nimejaribu kutii agizo la Mize. Nimetunga jibu la kumjibu Jambia, nikalichana. Nikatunga jengine, nikalichana. Nikikutetea kwa jina langu, nitasifiwa kwa kuuzima moto niliouwasha mwenyewe. Nikijitaja gazetini, barazani watasema mzee katukanwa na mwanawe wa kumzaa, na aibu hiyo utaibeba wewe. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Mimi nimekuingiza na wewe. Kwa hiyo sijafanya lolote. Ukiniambia nijitaje, nitajitaja. Ukiniambia ninyamaze, nitanyamaza. Ninaloomba ni moja, usiache kutunga kwa ajili ya ujinga wangu.

Nisalimie mama, umwambie anisamehe kabla hajajua kosa. Nisalimie ami na mkewe, bibi mzaa mama, na mwalimu wangu wa chuoni. Hata fundi cherehani nisalimie, ingawa kucheka amecheka. Mize mwambie barua yake nimeipata, na jibu lake liko kwako.

Yeye ameniandikia jambo jengine pembezoni mwa karatasi. Anasema fundi alikuja nyumbani kukubembeleza, akakuambia yupo malenga kule Wete atakayemtukana Jambia, yeye na wazee wake, ukamkataza. Ukasema, “Mwacheni, ntoto wa watu yule.”

Baba, si wa watu. Ni wako.

Mwanao,
Hamadi