Salamu Zilizomaliza Karatasi

Tanga, 3 Agosti 1908

Kwa dada yangu Mwanamkuu, shikamoo. U hali gani? Bibi Kidawa na jino lake hawajambo? Mimi mzima kama jiwe, ila skuli ya Mdachi inanikondesha: hesabu asubuhi, hesabu jioni, na mwalimu anasema mwandiko wangu kama nyayo za kaa. Wivu tu.

Ama baada ya salamu, kaa chini usije ukaanguka. Gazeti la hapa limetangaza mashindano ya kutunga hadithi. Si ya Tanga peke yake: anaalikwa kila ajuaye Kiswahili, kwa Mdachi, kwa Mwingereza huko Mombasa na Lamu, Unguja, Ngazija kwa Mfaransa, hata mabaharia wetu walioko Ulaya. Sharti ni moja: hadithi isizidi karatasi moja, pande mbili. Iwafikie kabla ya Ramadhani. Mshindi atapewa saa ya mfukoni na jina lake litapigwa chapa.

Nawahurumia hao wa Lamu. Natunga ile ya siku niliyompanda potwe, papa mkubwa kama nyumba, nikamwendesha kutoka Kilindoni mpaka Bwejuu.

Baba je? Tangu nitoroke kuja skuli, mwaka sasa, salamu zangu anazipokea? Jina langu likipigwa chapa hataweza kusema nimekuja huku kuchezea ujana. Mimi nikipata radhi yake, saa chukueni nyinyi. (Mnyororo nabaki nao.)

Mdogo wako, bingwa wa kesho,
Abeid

Chole, 24 Rajabu 1326

Mdogo wangu Abeid, marahaba. Sisi wazima, alhamdulillahi. Jino la Bibi Kidawa limeng'oka lenyewe, sasa anadai tumemwibia.

Umpande potwe, wewe? Wewe uliyemkimbia samaki mkunga aliyekwisha kaangwa? Siku hiyo ya potwe nakumbuka ulirudi nyumbani umelowa, unalia kamasi mpaka kidevuni. Haya, tunga. Lakini nakusihi: usiwaingilie watu kwa hadithi bila salamu, ukatuaibisha. Mtoto wa watu hubisha hodi kwanza.

Baba ni yule yule. Barua yako ikija, nikikaribia tu mahali pa salamu zake, anainuka kwenda kutazama minazi. Anajua salamu ikimfika sikioni itamlazimu kuijibu, basi haingoji. Minazi imetazamwa mpaka imeona haya. "Aliyeondoka bila kuaga," anasema, "hana salamu nyumbani kwangu." Goti linamsumbua kweli, lakini kwa kukukimbia wewe halimuumi.

Dada yako,
Mwanamkuu

Tanga, 10 Septemba 1908

Dada, shikamoo. Hujambo wewe, hajambo mbuzi wako mwizi?

Hadithi imekwenda, na neno lako nimelifuata. Nimeanza na mhariri, nikamwuliza hali yake na ya watoto wake. Kama hana, nimemwombea apate. Kisha, ili watu wa Ngazija wajue nina kwetu, nikawasalimu nyote: Baba kwanza na goti lake, Bibi Kidawa na marehemu jino, wewe, mbuzi, na kila aliyewahi kunipa andazi hapo Chole. Nafasi ikanibana kidogo. Potwe akaja kuanzia chini kabisa upande wa pili, basi nikaongeza karatasi mbili. Nani atahesabu karatasi mbele ya utamu kama ule?

Mfuko wa kutilia saa nimekwisha ushona.

Abeid wako

Tanga, 15 Oktoba 1908

Dada, shikamoo. Mfungo unakwendaje? Usinicheke.

Saa imekwenda kwa bwana mmoja wa Ngazija, kwa hadithi ya mwanamke na jogoo wa jirani. Nimeisoma. Ni nzuri, na hilo ndilo linaloniuma.

Mimi nami wamenipiga chapa, lakini karatasi ya kwanza peke yake! Salamu zote zimo, mpaka mbuzi. Hadithi inaishia hivi: "Siku moja nikiwa Kilindoni nikaona baharini." Nikaona nini? Chini yake mhariri kaandika: "Ndugu huyu hakufika kwenye hadithi yake, lakini sote hapa twataka kujua hali ya goti la baba yake." Sasa skuli nzima inaniuliza goti. Nimeona haya mimi, na unajua si kawaida yangu.

Gazeti likifika huko, lifungieni samaki. Bahati Baba hasomi herufi za Kizungu.

Mdogo wako asiye na saa,
Abeid

Chole, 9 Mfunguo Mosi 1326

Bingwa wangu, marahaba. Sikukuu ilikuwa njema, ulipungua wewe tu.

Gazeti limefika. Karani Iddi wa bomani hupata lake, na baada ya sala ya Ijumaa alikuja kulisoma barazani kwetu. Watu tele, Baba katikati, kahawa mkononi. Mimi nyuma ya dirisha. Jina lako liko chini, kwa hiyo hakuna aliyejua ni nani. Iddi akamaliza salamu za mhariri, kisha akasoma za nyumbani: "Kwanza namsalimu baba yangu Shaabani wa Chole, asalaamu alaikumu, namwuliza goti lake."

Baba hakuwahi kuinuka. Baraza zima linamtazama. Akatazama kahawa. Akatazama minazi; safari hii haikumfaa kitu. Mwisho akasema, "Wa alaikumu salaamu." Kisha polepole, "Goti halijambo."

Mzee Matano akamwambia, "Paza sauti, Shaabani, mtoto yuko Tanga!" Wakaangua kicheko, na Baba naye. Nilikuwa nimesahau anavyocheka.

Jana kaniomba kalamu, kisha akanifukuza. Barua yake hii hapa ndani.

Mwanamkuu

Chole, Mfunguo Mosi

Mwanangu Abeid,

Wa alaikumu salaamu. Niliitikia barazani, lakini sauti yangu haifiki Tanga, ndiyo naandika. Sisi wazima. Goti huuma asubuhi, jioni likasahau. Mwambie na huyo mhariri, ameuliza kwa adabu.

Hodi yako nimeisikia. Radhi unayo. Skuli ikifunga, njoo utuage vizuri, kisha urudi ukasome.

Na hiyo hadithi ya potwe uje nayo. Nataka kusikia kwa kinywa chako ulivyompanda, maana ninavyokumbuka mimi, mgongo uliokutoa majini siku ile ulikuwa wangu.

Baba yako,
Shaabani