Isale kwa Mtoto wa Darasa la Pili

Mwalimu wangu Ndeanasia,

Shikamoo. Najua leo huitikii, lakini sithubutu kukuandikia bila salamu. Wewe ndiye uliyenifundisha adabu.

Tangu tukuzike, darasa lako la pili ninalo mimi. Ada imefutwa, mwalimu. Watoto wamemiminika kutoka kila kihamba cha migomba, wengine wanakaa sakafuni. Nilifurahi, kisha nikaogopa, maana vitabu ni vile vile ulivyoniachia. Basi kitabu kimoja nakiweka mezani, watoto sita wanakizunguka.

Wiki iliyopita alikuja mkaguzi. Nikamwita Aikande, mjukuu wa jirani yako, anayesoma kuwapita wote. Mkaguzi akampa kitabu kipya. Mtoto akakigeuza juu chini, akaanza kusoma. Darasa zima likaangua kicheko. Nikadhani ananifanyia mzaha mbele ya mgeni. Nikamchapa fimbo mbili, nikakiweka kitabu sawasawa. Akakitazama, asiweze kusoma hata neno moja.

Mchana ndipo nikaona. Aikande hukata majani ya ng'ombe kabla ya kuja shule, hivyo hufika wa mwisho, na nafasi inayobaki ni ile ya ng'ambo ya meza. Mwaka mzima amejifunza maneno yakiwa kichwa chini miguu juu. Nilimchapa kwa kujua kusoma, mwalimu! Nilijifungia stoo nikalia. Ungekuwepo ungenigombeza: "Kaa kwanza pale anapokaa." Wewe ulikuwa ukibanana nasi kwenye benchi, magoti yakikaribia kidevu, nasi tukikucheka.

Jioni nikachuma isale, nikapanda nayo hadi kwa kina Aikande. Bibi yake alidhani nimekosana na mkubwa fulani. Nani amewahi kumpelekea mtoto jani la kuombea msamaha? Nikampa Aikande kwa mikono miwili. Akalipokea, akaniuliza taratibu: "Mwalimu, kesho nikae upande gani?"

Moyo uliniuma mno. Nikamkumbatia.

Sasa wanabadilishana nafasi kila siku. Vitabu bado havijaja na walimu hatutoshi. Aikande anasoma polepole, kidole chini ya kila neno, kama anayeanza upya. Kila saa nane wenzake wakiondoka, nakaa benchi moja naye.

Pumzika, mwalimu wangu. Naahidi sitamsukuma darasa la tatu mpaka kitabu chochote, cha yeyote, akisome bila kuogopa kicheko cha wenzake wala fimbo yangu.

Mwanafunzi wako,
Anna