Aloyce Hakutoka Salama kwenye Shimo la Pampu

Moshi, Jumapili

Mama yangu,

Shikamoo. Nimekaa na kalamu tangu misa iishe, sijui nianzie wapi. Je, baridi ya huko Mbinga imekionea huruma kifua chako safari hii? Vero mdogo wangu, wewe unayemsomea Mama, soma polepole, wala usiruke mahali.

Mama, harusi haipo tena. Aloyce amefariki.

Nilishakueleza kazi yetu hapa kwenye kiwanda cha maziwa. Maji machafu huingia bwawani, na vijidudu visivyoonekana kwa macho hula ule uchafu mpaka maji yafae kurudi mtoni. Vijidudu hivyo vinahitaji hewa, ndiyo maana kuna mashine ya kuipuliza usiku na mchana. Mwaka huu mgao wa umeme umetutesa. Jenereta nayo iliharibika, na tajiri aliyekinunua kiwanda kutoka serikalini akasema tusubiri kipuri. Hewa ilipokosekana, vile vijidudu vizuri vikafa, nafasi yake ikachukuliwa na vingine vinavyoishi pasipo hewa na kutoa gesi inayonuka kama mayai viza. Bwawa likawa jeusi.

Wiki mbili zilizopita, Jumanne, umeme ulirudi, lakini pampu ikagoma. Aloyce akasema imezibwa na tope, atashuka shimoni aizibue. Nilimuuliza kuhusu ile harufu, akasema haisikii tena. Hata mimi sikuisikia. Daktari ndiye aliyetueleza baadaye kwamba gesi ile ikizidi, pua ndiyo hufa kwanza.

Alijifunga kamba kiunoni. "Nishikie, Ana," akaniambia. Alifika chini, akainama, akalala palepale. Nilivuta mpaka viganja vikachubuka. Wenzetu walipokuja tukamtoa, alikuwa ameshakata roho.

Tulimzika kwao Kibosho, kwenye kihamba cha baba yake, ndivyo wanavyoliita shamba la ukoo, katikati ya migomba. Mvua ilikuwa imeiharibu barabara, jeneza likapandishwa mabegani. Mama yake alinikalisha mkekani pembeni yake, akawaambia wanawake waliokuja kuhani, "Huyu ni mke wa mwanangu." Kisha akaniuliza taratibu kama ni kweli vile vijidudu ndivyo vilivyomuua. Nikamjibu hapana, ni ile jenereta na lile shimo.

"Alikuwa akivisifia kama mifugo," akasema.

Nimerudi kazini. Mashine inapuliza, maji yameanza kung'aa. Jana nilitazama kwenye hadubini nikaviona vimerudi, vinazunguka, vinakula. Zamani angeniita nikavione. Nilitazama mpaka machozi yakanizuia kuona.

Usije, Mama, safari ni ndefu mno kwa kifua chako. Nitakuja mimi wakinipa ruhusa. Msalimie kaka Pius na mkewe, na majirani waliokuwa wakijiandaa kusafiri. Mwambie shangazi aache kushona lile gauni. Kitambaa kilichobaki amkatie mtoto wa Vero.

Mimi mwanao,
Anastazia