Friji Isubiri Vipi

Jumatano usiku, Ntinda

Bado nafikiria swali la Furaha. Wiki nzima mwenzangu huyu wa kazi amenichosha na karatasi zake zilizojaa alama za hisabati, nami nilitaka tu programu ianze kazi.

Lugha yetu ya kompyuta ni ndogo, ina maneno machache ya kuongoza friji za chanjo. Stima ikipotea, subiri dakika kumi, kisha washa jenereta. Nani asiyeelewa "subiri"?

Leo akaniuliza kwa Kiswahili chake cha Goma: "Sasa umeme ikirudi katikati, halafu ipotee tena? Tunahesabu tangu mwanzo ao tunaendelea?"

Nikaifungua programu kuangalia. Hapa stima hucheza hivyo kila siku. Friji ingeanza kuhesabu upya, na upya, bila kuwasha jenereta, mpaka chanjo ziharibike, ingawa programu ilikuwa imefaulu majaribio yetu yote.

Kwenye zile karatasi zake ameandika maana ya kila neno: friji ilivyo kabla yake, na itakavyokuwa baada yake. Mistari michache tu, hakuna pa kubahatisha. Sijaona kazi safi namna hiyo. Namwonea wivu kidogo.

Kesho nampeleka mtoto kliniki kuchanjwa. Friji yao haitumii programu yetu. Sijui kama kuna aliyewahi kuuliza swali hilo kuhusu friji hiyo.